Jinsi ya Kuunga Nyaya za Kujaza Betri katika Pikipiki ya Zamani

Mwenye pikipiki ya zamani huenda akaitunza injini yake kwa bidii nyingi. Hubadili mafuta, husafisha kabureta, hupaka rangi mpya hata chombo kikang'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Kisha usiku mmoja, akiwa njiani, taa ya mbele hufifia mpaka ikawa kama kaa la moto, injini hukohoa, na pikipiki husimama gizani mahali ambapo magari hupita kwa kasi. Siku ya pili hununua betri mpya, na baada ya juma moja hali huwa ile ile. Mara nyingi kosa si la betri hata kidogo. Kosa ni la nyaya zinazoiletea umeme, na zaidi ni la njia ile ambayo umeme hurudia, ambayo mafundi huiita ethi.

Somo hili laeleza kazi hiyo kwa mfano wa pikipiki moja inayojulikana sana, Triumph Bonneville T120 ya miaka ya 1966 hadi 1970. Pikipiki hii ya Kiingereza ilianza kuuzwa kwa mwaka wa 1959, ikatengenezwa Meriden, karibu na mji wa Coventry. Vifaa vyake vya umeme vilitoka kwa kampuni ya Lucas ya Birmingham. Pikipiki nyingine nyingi za Uingereza za wakati ule, kama vile BSA na Norton, zilitumia vifaa vya Lucas vya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyeielewa moja atazielewa nyingi.

JAMBO LA KWANZA: UPANDE ULIO KWENYE ETHI

Betri ina ncha mbili: moja yenye alama ya kujumlisha (+), nayo huitwa chanya, na moja yenye alama ya kutoa (–), nayo huitwa hasi. Katika pikipiki hakuna haja ya kupeleka nyaya mbili kwa kila taa. Waya mmoja hupeleka umeme, na chuma cha pikipiki chenyewe, yaani fremu na injini, huwa njia ya pili. Ncha ya betri iliyofungwa kwenye fremu ndiyo iliyo kwenye ethi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Pikipiki za leo, pamoja na boda boda zote zinazoonekana barabarani, zina ncha hasi kwenye fremu. Bonneville ya miaka ile ni kinyume: ncha yake chanya ndiyo iliyo kwenye fremu. Fundi stadi wa boda boda akiletewa chombo hiki, mkono wake hufuata mazoea, naye hufunga ncha hasi kwenye fremu bila kufikiri. Papo hapo umeme wa betri hupita katika rektifaya kwa upande uliofunguka, kama maji yapitavyo penye lango lililoachwa wazi. Ikiwa fyuzi ipo, itakatika, na hasara itakuwa ndogo. Ikiwa fyuzi haipo, rektifaya itaungua, nyaya zitayeyuka, na moto waweza kushika chini ya kiti, karibu na tangi la petroli.

Basi, kabla ya kugusa kitu chochote, yapasa kutazama ni ncha ipi ya betri inayokwenda kwenye fremu. Wala mtu asitegemee macho peke yake, kwa maana pikipiki iliyopita katika mikono ya watu wengi kwa miaka hamsini na zaidi huenda imebadilishwa. Wako waliogeuza umeme wote ukawa wa ncha hasi kwenye fremu ili watumie vifaa vipya. Ikiwa rektifaya na dayodi ya Zener za asili zingalipo na zimefungwa kwenye chuma, ncha chanya ndiyo ya ethi, na iachwe hivyo.

VIFAA VINNE NA KAZI YA KILA KIMOJA

Njia nyepesi ya kuvielewa vifaa hivi ni kufikiri habari ya nyumba yenye pampu, lango la maji, tangi, na bomba la kumwaga maji yanayozidi.

Pampu ni alteneta. Ina sehemu mbili. Rota ni sumaku ya mviringo iliyofungwa kwenye mwisho wa shafti ya injini, upande wa kushoto, nayo huzunguka pamoja na injini. Stata ni duara la koili sita za waya wa shaba lililoizunguka rota bila kuigusa. Sumaku inapozunguka, umeme huzaliwa katika koili. Alteneta ya Lucas iitwayo RM21 hutoa umeme upatao wati 120.

Lango ni rektifaya. Umeme utokao katika stata huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi sana kila sekunde, wala betri haiwezi kuupokea ukiwa hivyo. Rektifaya huuruhusu upite kwa upande mmoja tu. Ile ya Lucas ni vibamba kadhaa vilivyoshikwa na bolti moja katikati. Ina vikonyo vitatu: viwili vya pembeni hupokea nyaya za stata, na cha katikati hupeleka upande hasi. Bolti yenyewe ndiyo upande chanya. Yaani bolti ile haikuwekwa kwa ajili ya kushika vibamba tu. Ni njia ya umeme kamili, sawasawa na waya.

Tangi ni betri ya volti 12. Kazi yake ni kuweka akiba, na kuwasha taa na plagi wakati injini inapokwenda polepole.

Bomba la kumwaga yanayozidi ni dayodi ya Zener, iliyopewa jina la mtaalamu wa Marekani, Clarence Zener. Alteneta hii haijui kupunguza kazi yake. Injini ikikimbia, umeme huzidi, betri ijae isijae. Voltage inapokaribia 14, dayodi huanza kufunguka, na ifikapo 15 hivi huwa imefunguka sana, ikiupitisha umeme uliozidi kwenye ethi na kuugeuza kuwa joto. Kwa sababu hiyo imefungwa kwenye bamba la alumini linalopoza joto hilo. Tangu pikipiki za mwaka 1968, bamba hilo lina mapezi nalo liko chini ya taa kubwa ya mbele, mahali penye upepo.

NYAYA ZINAVYOKWENDA

Nyaya za Lucas zina rangi zenye maana, na afadhali kuzifuata kuliko kutumia waya wowote uliopatikana dukani.

Kutoka katika stata ya RM21 hutoka nyaya mbili: mmoja mweupe wenye mstari wa kijani, na mmoja wa kijani wenye mstari wa manjano. Huenda kwenye vikonyo viwili vya pembeni vya rektifaya. Kwa kuwa umeme wake huenda mbele na kurudi nyuma, si neno waya upi ukifungwa kwenye kikonyo kipi. Lakini hakuna hata mmoja kati yake unaoruhusiwa kugusa fremu au injini.

Kutoka katika kikonyo cha katikati hutoka waya wa kahawia wenye mstari wa buluu. Huu huenda mpaka ncha hasi ya betri. Kikonyo cha dayodi ya Zener nacho huungwa na upande huu huu, ama moja kwa moja ama kwa kupitia swichi kuu, kwa kadiri ya mwaka wa pikipiki.

Waya mwekundu ni ethi. Hutoka kwenye ncha chanya ya betri mpaka kwenye fremu. Tena nyaya nyekundu huenda kwenye bolti ya rektifaya, kwenye bamba la Zener, kwenye injini, na ndani ya taa ya mbele.

Fyuzi huwekwa katika waya wa ncha hasi, karibu sana na betri, ili waya wote uliobaki uwe chini ya ulinzi wake. Fyuzi ya asili ya kioo iliandikwa 35, lakini Waingereza wa wakati ule walihesabu kiasi kinachoikata, si kiasi inachoweza kubeba siku zote. Anayetumia fyuzi ya kisasa na aweke ya ampea 15 au 20. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuuza pikipiki kwa bei ya fyuzi.

KWA NINI ETHI NDIYO MZIZI WA MATATA

Umeme hauendi mahali pasipo njia ya kurudi. Fundi huenda akaufuata waya wa kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho, akauona mzima, na bado betri isijazwe, kwa kuwa hakuitazama njia ya pili. Njia ile ni chuma, na chuma hiki kimepakwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Kutu hupitisha kwa shida. Rangi ya unga inayookwa katika tanuri, ambayo watu wengi huipenda siku hizi wanapofufua pikipiki za zamani, ni nene na ngumu kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo pikipiki iliyopendezwa upya ndiyo aghalabu yenye ethi mbaya kupita zote.

Yafaa kujua kwamba ethi mbaya haileti dalili moja. Bolti ya rektifaya ikikosa ethi, betri haijazwi hata kidogo, kwa sababu umeme hauna pa kupita ili uifikie ncha chanya. Dayodi ya Zener ikikosa ethi, mambo huwa kinyume: umeme uliozidi haupati pa kutokea, voltage hupanda, maji ya betri huchemka na kupungua, na taa huungua moja baada ya nyingine. Fundi asiyejua habari hii huuza balbu nyingi bila kuponya ugonjwa.

Taa ya mbele ina shida yake. Uma wa mbele hushikamana na fremu kwa gololi zilizomo katika shingo ya usukani, na gololi hizo zimejaa grisi. Umeme ukilazimishwa kupita hapo, taa hucheza kila usukani unapogeuzwa. Na kwa kuwa bamba la Zener la mwaka 1968 na kuendelea liko mbele ya gololi hizo, nalo lahitaji waya wake mwekundu urudio nyuma mpaka kwenye ncha chanya ya betri.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Kwanza ondoa betri katika kazi. Kanuni ni hii: ncha ya ethi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Katika Bonneville, hiyo ni ncha chanya. Sababu yake ni kwamba, ncha ya ethi ikiisha kufunguliwa, spana ikiteleza na kugusa fremu haitaleta cheche.

2. Fungua kila mahali pa ethi. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kionekane cheupe, upana wa pete ya waya tu. Weka washa ya meno, funga nati, kisha paka vaselini juu yake ili maji yasiingie.

3. Leta nyaya nyekundu zote mahali pamoja. Fundi mwangalifu hatumaini fremu peke yake. Hupitisha waya mwekundu kutoka ncha chanya mpaka kwenye bolti ya rektifaya, mwingine kwenye kichwa cha injini, mwingine kwenye bamba la Zener, na mwingine ndani ya taa ya mbele. Ikifanywa hivyo, rangi ya fremu haina tena amri juu ya umeme.

4. Funga rektifaya kwa adabu. Nati inayoshika vibamba pamoja isiguswe kamwe. Inapofungwa ile nyingine inayoishika rektifaya kwenye fremu, kichwa cha bolti na kishikwe kwa spana ya pili, ili vibamba visizunguke. Vikizunguka hata kidogo, viungo vya ndani hukatika, na kwa nje rektifaya huonekana nzima.

5. Safisha uso wa bamba pale dayodi ya Zener inapokaa, uwe laini na mkavu. Kati ya mwili wa dayodi na bamba pasiwekwe washa wala pete ya waya; pete ya waya mwekundu hukaa upande wa pili, chini ya nati. Parafujo ya dayodi ni ya shaba, nayo hukatika upesi. Ikazwe kwa mkono mwepesi.

6. Zitazame nyaya za stata pale zinapotoka katika injini. Hupita karibu na mnyororo, katika mafuta na joto. Mpira wa kuzilinda ukichakaa, nyaya huchubuka na kugusa chuma. Tazama pia nafasi iliyo kati ya rota na stata. Pande zote isipungue milimita 0.2.

7. Tumia waya wa nyuzi nyingi za shaba, si waya mgumu wa nyumbani, kwa maana mtetemo wa injini huukata huu upesi. Acha waya uwe mrefu kidogo penye usukani, ili usivutwe wakati wa kugeuka.

KUPIMA KABLA YA KUSAFIRI

Kipimo cha umeme cha bei nafuu chatosha kwa kazi yote.

Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12 tu, ijazwe kwanza nje ya pikipiki; betri iliyochoka huharibu vipimo vyote vinavyofuata.

Kupima ethi, gusisha ncha moja ya kipimo kwenye ncha chanya ya betri, na nyingine kwenye ganda la taa ya mbele, taa ikiwa inawaka. Namba iwe karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, pana kizuizi njiani. Ni lazima umeme uwe unapita wakati wa kupima. Ethi mbovu isiyobeba mzigo huonekana njema, kama daraja bovu lisilopitwa na gari. Kwa hiyo bolti ya rektifaya hupimwa injini ikikimbia, na bamba la Zener hupimwa injini ikikimbia, taa zimezimwa, na betri imejaa.

Kupima stata, toa nyaya zake mbili kwenye rektifaya. Kati ya kila waya na injini pasiwe na njia yoyote. Kisha unga nyaya hizo na kizuizi cha ohmu 1 chenye nguvu ya kustahimili joto, weka kipimo kwenye umeme wa kwenda na kurudi, na ukimbize injini mizunguko 3,000 kwa dakika. Stata nzima itaonyesha volti 9 hivi. Kizuizi hicho huwa cha moto sana. Kisishikwe kwa mkono, na kazi iwe ya muda mfupi.

Kupima rektifaya, toa nyaya zake zote, pamoja na waya mwekundu. Pima kutoka kila kikonyo cha pembeni hadi bolti, na kutoka kila kikonyo cha pembeni hadi kikonyo cha katikati, kisha geuza ncha za kipimo na kurudia. Vitakuwa vipimo vinane. Kila jozi ipitishe upande mmoja na kukataa upande wa pili. Jozi ikipitisha pande zote mbili, au ikikataa zote mbili, rektifaya imekufa.

Mwisho, unga vyote tena, weka kipimo kwenye ncha mbili za betri iliyojaa, zima taa, na ongeza mwendo wa injini pole pole. Voltage ipande kutoka 12 na kitu hadi kati ya 14 na 15, kisha isimame hapo. Isipopanda kabisa, betri haijazwi: rudi kwenye stata, rektifaya na ethi yake. Ikipita 15.5, zima injini: Zener haina ethi, au imekufa.

HABARI YA KIFAA KIPYA

Siku hizi huuzwa kasha moja dogo linalofanya kazi ya rektifaya na ya Zener pamoja. Ni kifaa chema, na wengi hukitumia. Nyaya zake mbili huungwa na nyaya za stata. Wa chanya huenda kwenye ncha chanya ya betri, na wa hasi kwenye ncha hasi. Rangi zake hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo karatasi iliyokuja nacho na isomwe kwanza. Waya wa zamani wa Zener ufunguliwe na ufungwe vema kwa utepe, usije ukagusa fremu. Lakini ijulikane kwamba kifaa kipya kikiwekwa juu ya ethi mbovu hakitatenda muujiza wowote. Kitaungua kama kilichotangulia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika Bonneville ya mwaka 1968, ni ncha ipi ya betri inayofunguliwa kwanza, na kwa nini?
2. Balbu huungua kila mara na maji ya betri hupungua. Ni kifaa gani kitazamwe kwanza?
3. Kwa nini pikipiki iliyopakwa rangi mpya huenda ikawa na umeme mbaya kuliko ilipokuwa na kutu?
4. Kwa nini ethi haipimwi wakati taa na injini zimezimwa?

Aliyeweza kujibu maswali haya manne bila kurudi nyuma amekwisha kujua zaidi ya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni msasa, spana mbili, kipimo, na saa chache za alasiri. Gharama yake haifikii bei ya betri moja, na faida yake ni taa inayowaka sawasawa mpaka nyumbani.